Mwaka Nilipowaahidi Watu wa Kikula Maji

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, mji mzima wa Likasi haukuwa na mzalendo wa kunishinda. Nasema hivi bila majivuno, maana baadaye daktari alinieleza kwamba uzalendo ule ulikuwa ugonjwa. Siwalaumu walioshindwa kuutambua. Katika nchi ambamo wakubwa kwa wadogo walitakiwa kumwimbia Kiongozi, kumchezea na kumpigia makofi mpaka viganja viwake moto, mtoto anayeimba bila kuambiwa na kucheza bila kuchoka hapelekwi hospitali. Anapewa kipaza sauti.

Tuliishi kambini, katika nyumba ya Kampuni. Baba alifanya kazi kiwandani, upande wa kusaga mawe ya shaba, na kila jioni alirudi na vumbi masikioni. Kampuni ilitupa nyumba, ikatupa posho ya unga, ikatupa shule na hospitali, na mtu akifa ilitoa hata sanduku. Watu walisema, “Kampuni njo baba, Kampuni njo mama,” yaani Kampuni ndiyo baba na ndiyo mama, na waliposema hivyo baba yangu halisi alitazama pembeni. Mama alikuwa na meza yake ya maharagwe na samaki wakavu katika soko la Kikula, mtaa wa watu wasio wa Kampuni. Baba Mluba, mama Mbemba, na sote Wakatoliki wa kila Jumapili.

Kabla ya uzalendo kulikuwa na uvivu. Ndivyo ulivyoitwa. Mwaka mmoja nyuma, mvua zilipoanza, mwili wangu ulikuwa mzito kama gunia lililolowa. Niliamka nimechoka, nikalala nimechoka. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Nywele zangu zilikaa bila kusukwa mpaka mama akazisuka kwa nguvu, nami sikulalamika hata alipovuta. Shuleni walisema mvivu. Baba alisema ni umri, utapita. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na jibu bora kuliko wote. Yeye alikuwa mtu wa kikundi cha sala, mwenye kipaji cha kuona pepo mahali ambapo sisi wengine tuliona vumbi tu. Alikuja na chupa ya maji ya baraka akaninyunyizia kichwani. Siku iliyofuata alirudi na mizizi aliyopewa na mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, kwa sababu, alisema, Mungu hakatai kusaidiwa.

Mvua zilipokaribia kwisha nikaanza tena kula. Shangazi akadai ushindi kwa niaba ya maji, mzee akadai kwa niaba ya mizizi, baba akasema, “Si nilisema itapita?” Kila mtu akaridhika, na hakuna aliyejiuliza kilikuwa nini.

Kisha ikaja miezi ya baridi, na mimi nikashika moto.

Mwanzoni ilikuwa raha, sitaficha. Usingizi uliniacha na sikuusikitikia. Niliamka kabla ya king'ora cha kiwanda, nikafua nguo za nyumba nzima, nikafua za jirani, nikashusha mapazia ya jirani wa pili nikayafua bila kumwomba ruhusa. Nilipika, nilipiga pasi, nilisoma masomo ya darasa lililo mbele yangu na kuwaeleza wadogo zangu mambo ambayo hawakuniuliza. Maneno yalinitoka upesi kiasi kwamba baba aliacha kuuliza chochote, akawa anasubiri nimeze mate ndipo apitishe neno lake.

Mama ndiye peke yake ambaye hakufurahi. Alinitazama nikikunja nguo za watu wengine akasema, “Weye, unalala lini?”

“Usingizi ni ya bantu bavivu, mama.”

“Jana hukukula.”

“Sina na nafasi ya kula. Niko na kazi.”

“Kazi gani?”

Nilimweleza. Nilieleza muda mrefu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, “Minye nilizaa mutoto mumoja, sasa niko na mwingine.” Nilidhani ananisifu.

Shuleni, hata hivyo, walinielewa vizuri sana. Wakati ule tulikuwa na kile kilichoitwa animasio: kuimba na kucheza kwa ajili ya Chama, kwa mistari iliyonyooka na tabasamu lililoamriwa. Kila shule ilikuwa na kikundi chake. Cha kwetu kilicheza kama watu wanaosubiri zamu kwa daktari wa meno. Mkuu wa shule, ambaye sisi tulimwita prefe, alikuwa mtu mnene wa koti la kola fupi lisilo na tai, kama ilivyoamriwa, na aliishi kwa hofu kwamba siku moja mtu kutoka juu atagundua jinsi wanafunzi wake walivyochoka kumpenda Kiongozi.

Asubuhi moja, mbele ya bendera, nilitoka kwenye mstari na kuanza wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, kwa sababu nilikuwa nautunga papo hapo. Niliuimba beti baada ya beti, nikipiga mguu chini, mpaka kikundi kikaanza kunijibu. Nilipomaliza, prefe alikuwa na machozi.

“Sitwayeni,” akaniambia, maana miaka ile hapakuwa na bwana wala bibi, sote tulikuwa masitwayeni, “nani alikufundisha hii wimbo?”

“Ilikuya yenyewe.”

“Ilikuya yenyewe,” alirudia kwa walimu, kama padre aliyeona muujiza na anataka mashahidi.

Toka hapo sikukaa tena darasani. Nilikuwa kiongozi wa kikundi. Niliwafundisha wenzangu toka asubuhi hadi wakaanguka, na waliponiomba tupumzike niliwaambia kwamba Kiongozi hapumziki. Mwalimu wa hesabu alithubutu kusema kwamba mtoto huyu anakonda na macho yake si mazuri. Prefe alimjibu kwamba macho yangu yalikuwa macho ya mapinduzi. Mwalimu wa hesabu alikuwa na watoto wa kulisha, akarudi kwenye hesabu zake.

Ndipo tukapata habari kwamba mkubwa mmoja wa Chama atakuja kutoka Lubumbashi. Mji ulipakwa chokaa mahali pote ambapo gari lake lingepita, na mahali ambapo halingepita paliachwa kama palivyokuwa. Tulikusanywa kwenye uwanja wa mpira: wafanyakazi wa Kampuni kwa idara zao, shule kwa sare zao, na watu wa Kikula, ambao hawakuwa na idara wala sare, wakasimama nyuma kwenye jua.

Nilicheza mbele ya mkubwa yule mpaka ngozi ya vidole vya miguu ikachunika. Sikusikia maumivu. Nilisikia uwanja mzima ukipumua pamoja nami, na nilijua, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena juu ya jambo lolote, kwamba kila mtu pale alikuwa ameletwa ili anisikilize mimi. Kwa hiyo wimbo ulipokwisha na prefe akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, sikumpa.

“Bantu ba Kikula,” nikasema. “Mukubwa ameniambia hapa, kwa sikio. Mbele ya mvua kuanza, kila avenyu ya Kikula itakuwa na bomba. Kila avenyu. Na mayi itatoka muchana na usiku.”

Mkubwa hakuwa ameniambia neno. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake chini ya turubai, akipepewa. Lakini mimi nilikuwa nimesikia, au nilikuwa nimejua bila kusikia, na kwangu wakati ule hapakuwa na tofauti.

Nyuma, kule juani, mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na Kikula nzima ikalipuka. Kama hujawahi kubeba ndoo toka kisimani mpaka nyumbani, ukapanga mstari alfajiri na kufika mbele wakati tope tu ndilo limebaki, huwezi kuelewa kelele ile. Prefe alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Kamishna wa zoni, aliyeketi kando ya mgeni, alianza kuchunguza kucha zake.

Mkubwa alisimama. Alikuwa mwanasiasa mzoefu. Alijua kwamba ahadi ya uongo haimgharimu mtu kitu, hata ikitolewa na mtoto mwenye macho ya mapinduzi. Akatabasamu, akainua fimbo yake, akasema, “Musichana amesema kweli. Chama hakisahau bantu yake.” Akapanda gari lake akarudi Lubumbashi, na chokaa ikaanza kubanduka.

Watu wa Kikula wakaanza kudai maji. Walikwenda kwa kamishna wakamkumbusha, kwa heshima kabisa, neno la mkubwa. Wengine walipita nyumbani kwetu kuniuliza bomba la avenyu yao litakaa upande gani. Niliwatoa nje, nikawachorea kwa kijiti kwenye mchanga: hapa bomba kubwa, hapa dogo, hapa sehemu ya kufulia. Niliwagawia na shule, na zahanati. Mzee mmoja aliniomba kituo cha treni karibu na mlango wake na nilimpa.

Lakini moto ule haukubaki mtamu. Kila aliyenipunguzia mwendo alikuwa adui. Nilimwambia prefe mbele ya shule nzima kwamba anacheza kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu. Nilimpigia baba kelele mezani, jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa limewahi kutokea, na alipoinuka nilimwambia kwamba hana haki ya kumgusa mtu wa Chama. Alikaa tena. Sijui ni nini kilichomkalisha, hasira au woga, kwa sababu kwa sheria za wakati ule huenda nilikuwa na haki.

Jioni ileile walikuja vijana wawili wa Chama, wenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Mama aliwapa viti. Walimuuliza baba swali moja kwa namna nyingi.

“Nani alimutuma?”

“Hakuna muntu alimutuma.”

“Mutoto wa shule anaahidi mabomba ya serikali mbele ya bantu yote, na hakuna muntu alimutuma? Hapa kwenu banasikilizaka redio gani?”

Baba alitazama sakafu. Ninaujua sasa uzito wa kile alichokuwa akikipima. Akisema binti yake ana akili timamu, basi ametumwa, na mtu aliyetumwa ana mtu aliyemtuma. Akisema hana akili timamu, kesho kambi nzima itajua, na keshokutwa ukoo. Nani angemwoa? Nani angewaoa wadogo zake?

“Iko mugonjwa,” akasema mwishowe. “Iko na ugonjwa ya kichwa.”

“Basi lete karatasi ya munganga,” wakasema, yaani cheti cha daktari, na wakaondoka wakiwa wamekula samaki wetu.

Hivyo ndivyo nilivyopata tiba. Haikutokana na kukonda kwangu, wala kutolala, wala hofu ya mama, ambayo ilikuwa imesemwa mara nyingi na kusikilizwa na mbuzi tu. Ilitokana na Kikula kudai maji.

Asubuhi baba alipokuwa akiomba ruhusa kazini ili anipeleke hospitali, mimi nilikuwa nimeshatoka. Mabomba yanahitaji mitaro, mitaro inahitaji watu, na watu wanaojua kuchimba walikuwa Kakontwe, kwenye machimbo ya chokaa. Nilikwenda kwa miguu, na vidonda vyangu vya uwanjani, nikiimba. Nilipofika nilipanda juu ya rundo la mawe nikaanza kutoa amri: ninyi hapa, ninyi kule, acheni mawe hayo, chukueni sururu. Na sehemu ambayo bado inanichekesha ni kwamba baadhi yao walitii. Walikuwa wamezoea kutii yeyote anayepiga kelele akiwa amesimama mahali pa juu. Msimamizi wao alipokuja kuuliza ni amri ya nani, waliniashiria mimi, msichana mwenye sare ya shule, mweupe kwa vumbi toka nywele hadi kucha.

Baba alinikuta huko mchana. Hakupiga kelele. Alipanda lile rundo kwa viatu vyake vya kazini, akakaa kando yangu, akasikiliza mpango wote wa mabomba. Halafu akasema, “Muzuri. Sasa tuende kwa munganga, akupime, juu kazi hii ni ngumu, inaomba muntu muzima.” Nilikubali. Lilikuwa wazo la busara.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana aliyemaliza masomo si zamani, mtu wa mbali, wa upande wa mto mkubwa, aliyejifunza Kiswahili kwa wagonjwa wake. Kazi yake ya kila siku ilikuwa vidole vilivyosagwa na vifua vilivyojaa vumbi. Alinisikiliza nikiongea, muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyenisikiliza mwezi ule bila kupiga makofi. Kisha akamgeukia mama, ambaye tulikuwa tumempitia sokoni.

“Analala?”

“Hapana.”

“Anakula?”

“Anasema hana na nafasi.”

“Na kabla ya hii furaha, alikuwaje?”

Hakuna aliyekuwa ameuliza hilo. Mama akasimulia ule msimu wa mvua, gunia lililolowa, nywele, chakula chenye ladha ya karatasi. Daktari aliweka kalamu chini.

“Katika familia, kuna mtu mwingine aliyekuwa hivi? Juu sana, halafu chini sana?”

Baba akasema hapana, haraka. Mama alikunja ncha ya kikwembe alichojifunga, akaikunjua, akaikunja tena.

“Kaka yangu,” akasema. “Ule mukubwa.”

Mimi nilikuwa najua tu kwamba mjomba huyo alirogwa na wenzake kazini. Kumbe akiwa kijana alianza kujenga kanisa kando ya barabara ya Kambove, peke yake, bila ruhusa ya padre wala ya mtu. Aliajiri mafundi, akahubiri barabarani, akajitangaza askofu. Kuta zilipofika kifuani akaziacha, akaingia nyumbani, akalala akielekea ukutani msimu mzima wa mvua. Baadaye alirudia tena, kwa kitu kingine, na tena. Siku moja alikwenda akajitupa mtoni. Familia ilisema ni wachawi ndio waliomvuta.

Baba alimtazama mama kana kwamba walikuwa wamekutana siku ile. “Hukuniambiaka hii,” akasema.

“Ungenioa?” mama akauliza.

Baba akamgeukia daktari.

Daktari alitueleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Ule uvivu na huu uzalendo ni ugonjwa mmoja. Wakati mwingine unampandisha mtu, wakati mwingine unamshusha, na katikati mtu anakuwa mzima kama wewe na mimi, ndiyo maana watu hawaoni kwamba ni kitu kimoja. Unaweza kutembea katika familia. Si pepo, si buloji ya wachawi, si malezi mabaya. “Vitabu vyangu vinasema ni ugonjwa wa watu wazima,” akasema, akinitazama, “lakini huyu mtoto hajavisoma.” Akaongeza kwamba yeye mwenyewe aliusoma kwa majuma machache tu, na angeandika kuwauliza walimu wake.

“Itaisha?” mama akauliza.

“Hautaisha kama malaria inavyoisha. Utatulia. Atahitaji dawa, na usingizi, na watu wanaomwangalia wakati wa kupanda, si wakati wa kushuka tu. Wakati wa kupanda watu wanacheka, wanapiga makofi. Hapo ndipo pa hatari.”

Baba alikuwa na swali moja tu. “Utaandika ile karatasi?”

Aliandika. Chama kikaridhika, maana mwenye ugonjwa wa kichwa hawezi kuwa mpinzani. Vilevile, ikaonekana, hawezi kuwa mzalendo: prefe alinitoa kwenye kikundi siku hiyohiyo. Wimbo wangu waliendelea kuuimba. Wimbo hauombwi cheti.

Nilidungwa sindano nikalala kama mtu aliyetupwa. Nilipoamka, baada ya siku ambazo sizikumbuki, moto ulikuwa umezimika, na chini ya majivu hapakuwa na kitu. Nilikumbuka kila neno nililosema. Hilo hawakuambii watu wanaokuonea wivu kwa furaha: kwamba unarudishiwa yote baadaye, neno kwa neno, ukiwa huna nguvu hata ya kujifunika uso.

Shangazi alirudi na chupa yake, kwa sababu pepo lililoondoka mwisho wa mvua lilikuwa limerudi na ndugu zake. Prefe naye alikuja kutuona, ni lazima niseme, akaketi dakika chache na kofia magotini. Aliniona nikilia bila sababu akasikitika kweli, lakini kwa namna yake. “Sitwayeni, kulia si muzuri,” akasema kwa sauti ya chini. “Bantu banaweza kuwaza unalia juu ya nchi.”

Nikaanza kufikiri kwamba nyumba ingekuwa nyepesi bila mimi. Sikulifikiri kwa uchungu. Nililifikiri kama mtu anavyofikiri kuhamisha kabati. Siku moja, mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, nikamwambia hivyohivyo, kwa sauti ya kawaida. Mchi ulisimama hewani. Halafu akaushusha taratibu, akaniuliza, “Kama kaka yangu?” Nikasema ndiyo, kama yeye. Akaendelea kutwanga. Alipomaliza alikusanya kamba zote za nyumba, dawa ya panya na visu, akavipeleka kwa jirani, yule wa mapazia. Toka kesho yake nilikuwa nakwenda naye sokoni.

Daktari alikuwa amesema watu wa kuniangalia. Mama alipata soko zima. Alinikalisha nyuma ya meza yake, kati ya maharagwe na mama mmoja Mwislamu, mtu wa Kasongo, aliyekuwa akiuza mafuta ya mawese na ambaye hakuwahi kuniuliza chochote. Alinipa tu mtoto wake mchanga nimshike kila alipohudumia mteja, na mtoto huwezi kumweka chini upendavyo. Nilikaa pale nimemshika, siku baada ya siku, mzito kama lile gunia.

Watu wa Kikula walinitambua. “Njo ule wa mabomba,” walisema. Mwanamke mmoja alisimama mbele ya meza na ndoo tupu kichwani, akaniuliza, “Mayi yetu iko wapi?” Nilitaka ardhi inimeze. Mama akapima maharagwe yake mpaka mwisho, ndipo akasema, “Muulize mukubwa. Mutoto alikuwa mugonjwa. Mukubwa alikuwa na nini?”

Soko lilicheka. Hata mimi, nadhani, mdomo wangu ulisogea, na mama aliuona ukisogea. Siku ile alinipa samaki mzuri kuliko wote. Kuhusu mabomba, niseme ili msomaji asihangaike: kamishna alipochoshwa aliweka moja, karibu na ofisi yake. Lilikuwa bomba zuri, la chuma. Halikuunganishwa na kitu chochote.

Barua ya walimu wa daktari ilipofika ilitaja dawa, na dawa yenyewe, tulielezwa, ni chumvi. Chumvi tu, inayotolewa kwenye mawe. Baba, mtu wa mawe, alifurahi: mawe si tunayo? Katanga ilikuwa ikichimbwa mchana na usiku. Lakini chumvi ile ilitoka Ulaya kwa ndege, ndani ya vichupa, na ilipochelewa tuliisubiri. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba mawe yenyewe ya chumvi ile yamejaa Manono, kaskazini ya jimbo letuletu. Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu, jambo ambalo mtu kama mimi huchagua mahali pa kulifanyia.

Dawa ilinitetemesha mikono na kunipa kiu isiyoisha. Pia iliniwezesha kukaa darasani. Nilirudi shule, nikarudia mwaka, nikajifunza kupenda hesabu kwa mwalimu yuleyule aliyeyaona macho yangu. Nilipofika miaka kumi na minane nilikuwa mzima kiasi kwamba niliona sina haja tena na vichupa, nikaviacha bila kumwambia mtu.

Ukweli ni kwamba nilimtamani tena yule msichana wa uwanjani. Hakuna anayelisema hili kwa vijana, na ndiyo sababu vijana huacha dawa. Nilikuwa nimewahi kuwa mtu ambaye uwanja mzima unapumua pamoja naye. Sasa nilikuwa mtu wa mwandiko unaotetemeka. Nani angechagua mwandiko?

Mama aligundua kabla sijaanza kuongea upesi. Alinikuta uani nikianika mashuka ambayo hayakuwa yetu, akanyanyua moja, akalitazama, akalirudisha kwenye kamba. Tuliingia ndani. Alisonga bukari, akaiweka mezani na kitoweo, akaketi mbele yangu.

“Umeacha dawa,” akasema.

“Mama, minye niko muzuri. Ile dawa inaniua. Weye hukumupenda ule mutoto wa zamani? Alikuwa anaimba.”

Nilitegemea akatae. Alinawa mikono yake polepole.

“Nilimupenda,” akasema. “Nilimupenda sana. Ule wimbo naimbaka mupaka leo, nikiwa peke yangu. Lakini ule mutoto hakukuwa anakula. Minye siwezi kukaa na mutoto mwenye hakuli.”

Akasogeza sahani kwangu. Tulikaa hivyo, bukari ikipoa kati yetu, na kwa mara ya kwanza nilimwona alivyozeeka, na nikajua kwamba miaka ile yote alikuwa akipika huku akijiona ndani ya kioo: dada wa yule aliyejitupa mtoni. Nilimega tonge, nikala. Kisha akatoa kichupa kwenye fundo la kikwembe chake, akanipa kidonge na maji, na nilipomeza akaniambia nifungue mdomo na kuinua ulimi, kama walinzi wa kiwanda wanavyowakagua wafanyakazi langoni wasije wakatoka na shaba ya Kampuni.

“Muzuri,” akasema. “Sasa rudisha mashuka ya bantu.”